Somo la Usafiri: Basi la Mwendo Kasi Huanzia Mlangoni Pako

Mkazi wa kaunti, bila shaka umesikia kuhusu mabasi ya mwendo kasi, yale yanayojulikana kwa herufi tatu, BRT. Huenda pia uliiona mistari mekundu iliyochorwa kwenye barabara ya Thika mwaka wa 2018, ukajiuliza mabasi yenyewe yako wapi. Somo la toleo hili linaeleza mfumo huu ni nini, unafanya kazi vipi, na una maana gani kwa mtu anayeishi Kibera au Kawangware.

Tumechagua mitaa hii miwili kwa sababu. Maelfu ya wakazi wake hutoka alfajiri kila siku kwenda kazini, lakini kati ya laini tano za mabasi hayo zilizotangazwa, hakuna hata moja iliyopangwa kupita katikati ya mitaa hiyo. Zinapita kandokando. Kwa hivyo mkazi wa huku anahitaji kujua si basi tu, bali pia njia ya kulifikia.

Mambo matano yanayofanya basi liwe la mwendo kasi

Basi jipya, refu na lenye viti safi bado si mfumo wa mwendo kasi. Basi hilo likiingia Ngong Road saa moja asubuhi litakwama pale Adams pamoja na matatu na magari ya kibinafsi. Kinacholeta kasi ni mpangilio wa barabara na vituo. Wataalamu wa usafiri duniani huangalia mambo matano ya msingi.

Kwanza, basi liwe na njia yake peke yake, iliyotengwa kwa ukingo au kizuizi. Rangi pekee haitoshi, kwa sababu msongamano ukizidi kila dereva huivuka. Hilo tulilishuhudia Thika Road.

Pili, njia hiyo iwe katikati ya barabara. Pembeni ndiko bodaboda husubiri wateja, malori hushusha mizigo na magari huingia kwenye vituo vya petroli.

Tatu, nauli ilipwe kituoni kabla ya basi kufika.

Nne, sakafu ya kituo iwe sawa na sakafu ya basi. Mtu wa kiti cha magurudumu, mama aliyebeba mtoto mgongoni na mzee mwenye maumivu ya magoti wote waingie bila kupanda ngazi.

Tano, basi lipewe nafasi kwenye makutano. Magari yanayokunja kulia yasikatize njia yake ovyo, na taa zisilicheleweshe.

Tufanye hesabu kidogo ili tuone faida ya jambo la tatu na la nne. Tuseme abiria 40 wanapanda kwa mlango mmoja, na kila mmoja anachukua sekunde 3 kupanda ngazi na kulipa. Hizo ni sekunde 120, yaani dakika 2. Sasa tuseme wamekwisha kulipa, sakafu ni sawa, milango ni mitatu na kila mtu anaingia kwa sekunde 1. Watu wote 40 wataingia kwa sekunde 14 hivi. Katika safari ya vituo 10, basi la kwanza limepoteza dakika 20, la pili dakika 2 na sekunde chache. Madereva wote wawili wameendesha kwa mwendo ule ule.

Laini tano na mahali tulipo

Mamlaka ya Usafiri ya Eneo la Jiji la Nairobi na viunga vyake, NaMATA, iliundwa Februari 2017. Inashughulikia kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Laini tano zilipewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati.

Kwa mkazi wa Kibera na Kawangware, laini tatu ndizo za kufuatilia kwa karibu. Ndovu imepangwa kutoka Limuru kupitia Kangemi na Waiyaki Way hadi katikati ya jiji, kisha kuelekea Imara Daima, Athi River na Kitengela. Simba imepangwa kutoka Rongai kupitia Bomas na Lang'ata Road hadi jijini, kisha Thika Road. Chui inatoka upande wa Njiru na Dandora, inapita jijini, na katika mpango wa awali inaendelea na Ngong Road kupitia Showground hadi Ngong.

Ukizichora laini hizo kwenye karatasi utaona kwamba Kibera iko kati ya Ngong Road na Lang'ata Road, yaani kati ya Chui na Simba. Kawangware nayo iko kati ya Waiyaki Way na Ngong Road, yaani kati ya Ndovu na Chui. Mkazi wa Makina au Olympic hayuko mbali na Ngong Road. Lakini mkazi wa Silanga au Soweto, kule chini bondeni, ana mlima, mitaro na reli kabla ya kuifikia. Mkazi wa Kawangware 46 au 56 atalazimika kushuka hadi Dagoretti Corner au kupanda hadi Kangemi.

Kutoka mlangoni hadi kituoni

Nairobi ni jiji la watu wanaotembea. Tafiti za usafiri zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba takriban safari nne kati ya kumi jijini hufanywa kwa miguu. Katika mitaa ya mabanda idadi hiyo ni kubwa zaidi. Watafiti Deborah Salon na Sumila Gulyani, katika kazi yao iliyochapishwa mwaka wa 2010 kuhusu wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, walionyesha kwamba wengi wa wakazi hao hawawezi kumudu nauli ya chombo chochote. Hutembea, au huacha kwenda. Yule anayeacha kwenda hukosa kazi, hukosa kliniki, hukosa shule iliyo mbali.

Ndiyo maana tunasema basi la mwendo kasi huanzia mlangoni. Dakika zilizookolewa barabarani zinaweza kumezwa na njia ya kufika kituoni. Ikiwa mfanyakazi wa zamu anatoka saa kumi alfajiri na hakuna taa, atasubiri kupambazuke. Mvua ikinyesha na mtaro ukafurika, atazunguka. Akifika Ngong Road na hakuna mahali salama pa kuvuka, atakimbia kati ya magari. Kituo kizuri kilichoko ng'ambo ya barabara usiyoweza kuivuka hakikufai.

Hapa ndipo kazi ya serikali ya kaunti inapoingia. Barabara kuu nyingi ziko chini ya mashirika ya serikali ya kitaifa kama KeNHA na KURA. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, usimamizi wa magari na maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, na mifereji ya maji ya mvua katika maeneo yenye majengo. Njia ya miguu kutoka Congo hadi Dagoretti Corner, au kutoka Lindi kwenda barabara kuu, ni jambo la kaunti kama lilivyo la NaMATA.

Mwaka wa 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, yaani wa miguu na baiskeli. Sera hiyo iliahidi kwamba angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri itatengewa miundombinu ya watembeaji, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Mkazi ana haki ya kuuliza kila mwaka ahadi hiyo imetekelezwa kwa kiasi gani katika wadi yake.

Hesabu ya nauli ya mwezi

Tuchukue mfano wa kufundishia tu, si bei iliyotangazwa. Tuseme nauli ya basi la mwendo kasi ni shilingi 50. Mtu akienda na kurudi siku 26 kwa mwezi atalipa shilingi 2,600. Sasa tuseme kabla ya kufika kituoni anahitaji matatu ya shilingi 30. Kila siku atalipa 160, na mwezi mzima 4,160. Tofauti ya shilingi 1,560 inatoka kwenye kipande kifupi cha safari, kile cha kutoka mtaani hadi barabara kuu.

Kuna njia mbili za kupunguza mzigo huo. Ya kwanza ni njia nzuri ya miguu, ili anayeweza kutembea atembee kwa usalama. Ya pili ni tiketi moja: kadi inayolipia gari la mtaani na basi kuu kama safari moja. Bila mojawapo, mwenye kipato kidogo ataliona basi likipita huku yeye akiendelea kutembea hadi Industrial Area.

Tunachoweza kujifunza kwa wengine

Jirani zetu wa Dar es Salaam walianza mabasi yao Mei 2016, katika njia ya kilomita 21 hivi yenye shina lake Morogoro Road, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Wenyewe huyaita mwendokasi. Mabasi hupita katikati ya barabara, nauli hulipwa kituoni, na mji huo ulipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka wa 2018. Lakini somo lina upande wa pili. Mabasi yalipokuwa machache kuliko abiria, vituo vilijaa na watu walisongamana milangoni. Karakana ya mabasi iliyojengwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, ilikumbwa na mafuriko mara kwa mara na mabasi yakaharibika. Njia nzuri bila mabasi ya kutosha huchosha watu, na anayejenga bondeni lazima ayafikirie maji kwanza. Wakazi wa Kibera wanaoishi kando ya mto hawahitaji kuelezwa zaidi.

Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ulianza mfumo wake wa TransMilenio mwaka wa 2000. Njia zake zenye nafasi ya mabasi kupitana zimeweza kubeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa kuelekea upande mmoja. Hata hivyo wakazi wa vilima vya Ciudad Bolívar, mtaa wa watu wa kipato cha chini, walibaki mbali na vituo. Desemba 2018 mji huo ulifungua magari ya kamba yanayopita juu ya nyumba na kuwashusha kwenye kituo cha mabasi, na kadi ni ile ile. Si lazima sisi tujenge magari ya kamba. La kujifunza ni kwamba mji ulikubali kuwa mtaa wa mlimani nao ni sehemu ya laini.

Matatu zetu zitaenda wapi?

Swali hili huulizwa kila baraza, na ni haki liulizwe. Matatu ziliruhusiwa rasmi mwaka wa 1973, na tangu hapo zimebeba jiji hili. Nyuma ya kila gari kuna dereva, kondakta, fundi, mama wa chai kwenye steji na mwanachama wa sacco aliyechukua mkopo. Mjini Johannesburg, mfumo wa Rea Vaya ulipoanza mwaka wa 2009, wenye teksi za abiria walioguswa na laini hiyo walijadiliana na mji hadi wakawa wenye hisa katika kampuni inayoendesha mabasi. Kwetu pia kuna kazi mbili wazi za matatu: sacco kushiriki katika kuendesha mabasi makuu, na magari madogo kulisha vituo kutoka mitaani. Kazi hizo zinahitaji mikataba ya maandishi kabla ya laini kuanza.

Yapo pia makao na biashara. Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na maelfu ya watu wakahama. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2016, inataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa katika ardhi ya umma. Mpango wowote wa kituo, njia ya miguu au karakana ni lazima uanze na swali la nani anaishi na kuuza hapo.

Maswali ya kwenda nayo barazani

Ushiriki wa umma ni takwa la Katiba, katika Vifungu vya 10 na 196. Ili ombi lako lipate fedha, zingatia kalenda ya bajeti: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1, taarifa ya mwelekeo wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Ombi linalofika Juni huwa limechelewa.

Kata karatasi hii, nenda nayo, na uulize:

1. Kituo kilicho karibu na mtaa wetu kitakuwa wapi hasa, na tutavukaje barabara kukifikia?
2. Ni njia zipi za miguu zitakazowekwa taa na mitaro kabla ya laini kufunguliwa?
3. Nauli itakuwa ngapi, na je, kadi moja italipia matatu ya mtaani pia?
4. Mabasi mangapi yatakuwepo saa za msongamano, na la kwanza litaanza saa ngapi?
5. Sacco za njia yetu zimeitwa mezani? Makubaliano yameandikwa?
6. Nani atahamishwa, kwa notisi gani, na atapelekwa wapi?

Andika majibu, tarehe na cheo cha aliyejibu. Wadi yenye majibu yaliyoandikwa huweza kufuatilia mwaka ujao, na laini ikifunguliwa, mtajua kama mlichoahidiwa ndicho mlichopewa.