SOMO LA WIKI: Bei ya Kompyuta Si Gharama Yake

Mfanyabiashara wa mahindi mjini Sumbawanga anayetafuta kompyuta mpakato asitazame bei peke yake. Tuseme chapa moja inauzwa shilingi 600,000 na kudumu miaka 2. Nyingine shilingi 1,200,000 na kudumu miaka 5. Ya kwanza humgharimu shilingi 300,000 kwa mwaka, ya pili 240,000. Ile rahisi ikidumu miaka 3, yenyewe ndiyo nafuu.

Kuna na matengenezo. Kipuri kisipopatikana mjini hufuatwa Mbeya, zaidi ya kilomita 300, na msimu wa mavuno haungoji. Madeni ya wakulima yamo humo ndani.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize: betri na chaja zipo mjini? Fundi je? Dhamana ni ya miezi mingapi?