Tundu dogo la tuyo: usilitafute kwa mkono

Ndugu dereva, ndugu mekanisiani,

Mashini ya kuchimba imepoteza nguvu. Ikiwa yote imelegea, tazama kwanza kiasi cha mafuta, kisha filtri na pompi. Ikiwa ni sehemu moja tu, mara nyingi ugonjwa uko katika tuyo au silinda yake.

Lakini usipapase tuyo kutafuta mahali panapovuja. Ndani, mafuta yanaweza kusukumwa kwa bari 300 na zaidi. Yakitoka katika tundu kama la sindano, yanapenya glavu na ngozi. Vaa miwani, simama mbali, pitisha kipande cha kartoni: kikilowa, umepaona. Mbele ya kufungua kitu, shusha ndoo mpaka chini, zima motere, sogeza vishikio ili nguvu iliyobaki iishe.

Mafuta yakiingia mwilini, kidonda ni kidogo na maumivu huweza kuchelewa. Usidanganyike! Nenda hospitali saa ile ile, mwambie dokta ni mafuta gani.

Nawe mama, mume akirudi na kidole kilichovimba, usikikande kwa maji ya moto. Mpeleke usiku ule ule. Kesho yake kidole kinaweza kukatwa.