Somo la Vikundi: Je, Utabiri wa Kura Tuuamini?



Uchaguzi ukikaribia, redio hutangaza kwamba mgombea fulani ana asilimia 48 na mwenzake ana 44. Basi sokoni na ndani ya matatu maneno huanza. Wengine hushangilia mapema. Wengine hukata tamaa, wanasema, "Ya nini kupanga laini, mambo yameshaisha." Na wako wanaowekeana dau la mbuzi.

Leo tuangalie utabiri huo unatengenezwa namna gani. Mifano yetu mingi ni ya Marekani, kwa sababu huko kazi hii imefanywa kwa miaka mingi na makosa yake yameandikwa wazi.

LENGO: Mwisho wa mkutano, kila mmoja aweze kuuliza maswali manne akisikia utabiri wowote.

SOMO LA KUFUNGULIA: 1 Wathesalonike 5:21. Mwenye Biblia asome kwa sauti, kisha tunyamaze kidogo.

Maneno mawili tuyaweke sawa kwanza. Redioni husema "kura ya maoni", lakini jina hilo hutumika pia kwa kura ya katiba kama ile ya 2010. Hapa tutasema "utafiti wa maoni", yaani kuuliza watu wachache ili kukisia mawazo ya wengi. Tena, tukisema "jimbo" leo si jimbo la Kanisa. Ni moja ya majimbo 50 ya Marekani.

1. GUNIA NA BAMBO

Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima chini. Anachukua bambo, kile kichuma chenye mfereji, anachoma gunia, anatoa punje chache na kuziangalia. Punje zile chache zamwambia habari ya gunia zima. Lakini akichoma juu tu, na mwenye mahindi ameweka mazuri juu na yaliyooza chini, atadanganyika. Hata akichoma mara mia mahali pale pale juu, bado atadanganyika.

Utafiti wa maoni ni bambo. Swali la kwanza si "Wameulizwa wangapi?" Swali la kwanza ni "Wamechaguliwa vipi?"

2. WENGI SI DAWA: MWAKA 1936

Mwaka 1936 Rais Franklin Roosevelt alishindana na Alf Landon. Gazeti moja kubwa, Literary Digest, lilituma kadi kama milioni 10 kwa wananchi. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Gazeti likatangaza kwamba Landon atashinda kwa asilimia 57.

Matokeo? Roosevelt alipata karibu asilimia 61 ya kura na kushinda majimbo 46 kati ya 48 yaliyokuwako wakati huo. Landon alipata Maine na Vermont peke yake. George Gallup, aliyeuliza watu wachache sana kuliko wale, alikuwa amesema Roosevelt atashinda.

Gazeti lilikosea wapi? Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Miaka ile ya shida, mtu mwenye simu na gari hakuwa maskini. Halafu, waliorudisha kadi walikuwa kama robo tu ya waliotumiwa. Anayejisumbua kujibu huwa na mawazo tofauti na anayenyamaza. Gazeti lilichoma gunia juu, mara milioni mbili.

3. IDADI NA KIASI CHA KUKOSEA

Hata watu wakichaguliwa vizuri, bahati tu yaweza kuleta tofauti. Hiki ndicho kiasi cha kukosea. Kwa makadirio ni hivi:

- Ukiuliza watu 100, unaweza kukosea kwa pointi 10 juu au chini.
- Ukiuliza 400, pointi 5.
- Ukiuliza 1,000, pointi 3.
- Ukiuliza 2,500, pointi 2.

Mnaona? Ili kupunguza kosa kwa nusu, lazima uulize watu mara nne. Ndiyo sababu watafiti wengi hutosheka na watu 1,000 hivi.

Sasa turudi kwa yule wa 48 na yule wa 44. Kama waliulizwa watu 1,000, huyu wa 48 huenda ana 45 kweli, na huyu wa 44 huenda ana 47. Kwa hiyo hatuwezi kusema nani anaongoza. Mbuzi wako abaki zizini.

4. KWA NINI WANAHESABU JIMBO KWA JIMBO

Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina kura zake za wajumbe, na jumla ni 538. Anayefikisha 270 ameshinda. Katika majimbo 48, mshindi wa jimbo huchukua wajumbe wote hata akishinda kwa kura chache. Maine na Nebraska pekee ndizo hugawa kwa njia nyingine. Magavana na maseneta nao huchaguliwa na jimbo zima.

Basi mtabiri hukusanya tafiti za kila jimbo na kutafuta wastani. Utafiti mpya hupewa uzito kuliko wa zamani, wa watu wengi kuliko wa wachache, na wa watafiti wenye sifa nzuri kuliko wa wale wanaokosea mara kwa mara. Kwa njia hii Nate Silver alitabiri vyema majimbo 49 kati ya 50 mwaka 2008, na yote 50 mwaka 2012.

5. KONGRESI: HUKO NI KUGUMU ZAIDI

Kongresi ni bunge lao. Seneti ina watu 100, wawili kila jimbo. Baraza la Wawakilishi lina watu 435, kila mmoja na eneo lake kama maeneo bunge yetu, na huchaguliwa kila baada ya miaka miwili.

Kufanya utafiti katika maeneo 435 ni gharama kubwa, kwa hiyo maeneo mengi hayaulizwi kabisa. Mtabiri hutumia mambo mengine: eneo lilipiga kura vipi zamani, mwenye kiti anagombea tena au la, na nani amechanga pesa nyingi. Pia watafiti huuliza wananchi wa nchi nzima wangependa chama gani kishike Baraza. Tena kuna kawaida ya zamani, kwamba uchaguzi wa katikati ya kipindi cha rais huwa mgumu kwa chama chake.

Lakini kawaida si sheria. Mwaka 1998 na 2002 chama cha rais kiliongeza viti katika Baraza. Mwaka 2022 chama cha Rais Joe Biden kilipoteza Baraza, viti 213 kwa 222, lakini hasara ilikuwa ndogo kuliko wengi walivyotarajia, na Seneti kikaishika.

6. "NAFASI" SI AHADI: MWAKA 2016

Siku ya uchaguzi wa 2016, huyo Nate Silver alimpa Donald Trump nafasi kama 29 kati ya 100, na Hillary Clinton 71. Watabiri wengine walimpa Clinton zaidi ya 98. Trump akashinda. Watu wakasema utabiri wote ni uongo.

Hebu tufikiri kwa mfano wa chama chetu cha kuzungushiana pesa. Tunaweka vikaratasi 10 kwenye kofia, 7 vya Mama Akinyi na 3 vya Mama Wanjiru. Kikitoka cha Wanjiru, je, kuna aliyedanganya? Hapana. Tatu kati ya kumi hutokea, na hutokea mara nyingi. Kosa kubwa lilikuwa la wale waliosema kofia haina kikaratasi cha pili.

Katika jimbo la Wisconsin, wastani wa tafiti za mwisho ulimweka Clinton mbele kwa pointi 6 hivi. Trump alishinda huko kwa kura chini ya 23,000 kati ya karibu milioni 3. Michigan na Pennsylvania zikafuata njia hiyo hiyo. Nchi nzima Clinton alipata kura nyingi kuliko Trump, karibu milioni 3 zaidi, lakini majimbo hayo matatu yalimnyima urais.

Chama cha watafiti wa maoni cha Marekani kilichunguza sababu. Kwanza, wapiga kura wengi waliamua siku za mwisho, wakaenda kwa Trump. Pili, watu waliosoma chuo hujibu watafiti kuliko wasiosoma sana, na tafiti nyingi za majimbo hazikurekebisha jambo hilo.

Kurekebisha ni hivi: ukiuliza watu 10 ukapata wanaume 7 na wanawake 3, na kijijini ni nusu kwa nusu, unayapa majibu ya wanawake uzito zaidi. Watafiti walirekebisha wanaume na wanawake, lakini wengi walisahau elimu.

Angalieni pia kwamba kosa lilikuwa la upande mmoja katika majimbo yote matatu. Paa la bohari likivuja, haliloweshi gunia moja tu. Yote ya upande ule yatakuwa na unyevu. Ndiyo maana kusema "tafiti kumi zote zinakubaliana" hakutoshi. Mwaka 2020, Seneta Susan Collins wa Maine alikuwa nyuma katika karibu kila utafiti uliotangazwa, lakini alishinda kwa zaidi ya pointi 8.

7. NA KWETU JE?

Mwaka 2007 hapa Kenya, tafiti nyingi za miezi ya mwisho zilimweka Raila Odinga mbele ya Mwai Kibaki, na pengo likawa dogo kufikia Desemba. Kibaki alipotangazwa mshindi, vurugu zilizuka na watu zaidi ya 1,100 wakauawa. Mizizi ya vurugu zile ilikuwa mingi, hatuwezi kulaumu tafiti. Lakini pengo dogo la utafiti haliwezi kuthibitisha kwamba kura zimeibwa, wala kwamba hazikuibwa. Kazi hiyo ni ya fomu za vituo, mawakala na mahakama. Mtu akichukua utabiri kama haki yake, jirani anaweza kugeuka adui kwa sababu ya namba ambayo tangu mwanzo haikuwa na uhakika.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inataka anayetangaza utafiti wa uchaguzi aseme nani alilipa, watu wangapi waliulizwa, lini, na kwa njia gani. Basi tuna haki ya kuuliza. Haya ndiyo maswali manne:

(a) Nani amelipa?
(b) Nani waliulizwa, na walichaguliwa vipi?
(c) Wangapi, na kiasi cha kukosea ni kipi?
(d) Waliulizwa lini?

Asiyejibu maswali haya anatuuzia gunia lililofungwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kuna mtu hapa aliyewahi kukosa kupiga kura kwa sababu alisikia mshindi ameshajulikana? Ilikuwaje?
2. Tukiamua mambo ya kijiji kwenye baraza, nani hawafiki? Wajane? Vijana wa vibarua? Wenye ulemavu? Je, sisi si kama lile gazeti la 1936?
3. Tutasema nini mtu akija na utabiri wa kuwagombanisha majirani?

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, ulizeni kijiji kama kinataka kwanza tangi la maji au barabara. Msiulize wanakikundi tu. Andikeni nyumba zote na kuzipa namba. Wekeni vikaratasi 1 hadi 5 kwenye kofia, mtoe kimoja, hiyo ndiyo nyumba ya kuanzia. Kisha mwende kila nyumba ya tano. Msipomkuta mtu, rudini jioni, msiruke kwa jirani. Waulizeni wanawake na wanaume. Katibu aandike majibu, na pia idadi ya waliokataa kujibu. Halafu linganisheni na yale yaliyosemwa barazani, mjadiliane tofauti mtakazoziona.