Si Kweli au Haikutajwa?

Mnaoomba ufadhili wa kusoma nje huenda mkatakiwa kufanya IELTS. Sehemu ya kusoma ina maswali 40 kwa dakika 60, na wengi hukwama kati ya "Si kweli" na "Haikutajwa".

Tuseme kifungu kinasema: "Maktaba hufungwa Ijumaa mchana." Kauli ikidai iko wazi Ijumaa kutwa, kifungu kinaipinga: Si kweli. Ikidai hufungwa ili watu wakaswali, sisi tutaitikia haraka, kweli tupu! Lakini sababu hiyo tumeileta wenyewe. Kifungu hakikuisema wala kuikana. Haikutajwa.

Mimi, kabla ya kuchagua "Si kweli", hutafuta maneno yenyewe yanayoipinga kauli na kuyawekea kidole. Nikiyakosa, siichagui.