Kompresa ya Mastaringi: Anza na Saidcheni, Opampu Baadaye

Kompresa inayopendeza kwenye sauti ya mwimbaji inaweza kuharibu wimbo ukiupitisha mzima mzima. Kwenye miksi unabana chombo kimoja. Kwenye mastaringi kiki, besi, gitaa na sauti vinapita pamoja kwenye sakiti ileile, na mara nyingi kazi yenyewe ni kushusha desibeli 1 au 2 tu, kwa uwiano wa 1.5:1 au 2:1. Ndiyo maana ladha ya mashine si swali la kwanza la kumuuliza muuzaji. Muulize kama chaneli za kushoto na kulia zinabana sawasawa.

Halafu usitegemee jibu lake, pima mwenyewe. Peleka toni ya hezi 1,000 kwenye chaneli zote mbili kwa kiwango kimoja, washa swichi ya kuziunganisha, shusha kizingiti hadi sindano ioneshe desibeli 2, kisha linganisha kinachotoka kila upande. Tofauti ya desibeli 0.2 inavumilika. Ikifika 0.5, mwimbaji ataanza kuvutwa upande mmoja kila kompresa inapobana, na kurudi katikati inapoachia. Rudia kwa hezi 60 na 10,000, kisha bana zaidi, hadi desibeli 4. Ipo mitumba mingi inayolingana vizuri ikiwa haifanyi kazi, ila ikianza kubana chaneli zinaachana.

Kuhusu aina, Fairchild 670 ya miaka ya 1950 husifiwa kuliko zote. Ilibuniwa na Rein Narma kwa ajili ya kukatia santuri, ina valvu 20 na uzito wa kilo 30 hivi. Si ya kuanzia. LA-2A, inayotumia mwanga kubana sauti, haina hata kitufe cha ataki; inaachia nusu ya mbano kwa milisekunde 60 hivi, halafu nusu iliyobaki inaburuta kwa sekunde kadhaa. Taarab ya mwendo wa pole itaivumilia. Singeli haitaivumilia. Wimbo wa mapigo 240 kwa dakika una pigo kila milisekunde 250, kwa hiyo rilizi ikiwa sekunde 0.6 kompresa haipati nafasi ya kuachia, inabaki imekalia muziki mwanzo hadi mwisho. Hapo unahitaji mashine ya VCA, inayobana kwa amplifaya inayoongozwa na volti, kama ile kompresa ya basi ya SSL G, yenye ataki inayofika milisekunde 30 ili ngumi ya kiki ipite kwanza, na rilizi ya sekunde 0.1 au ya kujiendesha. Sakiti ya jamii hiyo ilichorwa upya na Jakob Erland wa Gyraf Audio, Denmark, ili mafundi waijenge wenyewe, wanaiita GSSL. Kwa anayetaka kujifunza kurekebisha, sijaona msingi bora kuliko huo.

Sasa lehemu. Wengi hukimbilia kubadilisha opampu. Mimi ningeanza na saidcheni, njia ya pembeni ambayo ndiyo sikio la kompresa: inachosikia huko ndicho inachokifuata. Besi ina nguvu kubwa, hivyo bila kichujio kila pigo la kiki linashusha na mwimbaji pamoja nalo. Dawa yake ni kapasita moja na rezista moja. Weka kapasita kwenye njia ya saidcheni, halafu rezista ya kiloomu 10 kwenda ardhini. Kapasita ya mikrofaradi 0.22 itaanza kupunguza besi kwenye hezi 72 hivi; ya 0.1, kwenye hezi 159. Funga swichi ya hatua tatu: bila kichujio, 72, 159. Hesabu hiyo inasimama kama hatua inayofuata haivuti mkondo mwingi, kwa hiyo hakikisha kwa toni baada ya kulehemu. Kama kila chaneli ina saidcheni yake, nunua kapasita kumi za filamu, zipime, uchague mbili zinazofanana. Manley nao wamewahi kuuza kompresa yao ya Variable Mu ikiwa na kichujio cha namna hii cha hezi 100.

Kinachofuata ni vitufe. Potenshiometa ya kawaida inaweza kupotoka kwa asilimia 20, na kushoto na kulia hazipotoki pamoja. Swichi ya hatua 24, kama za Elma, ikifungwa rezista za asilimia 1 kwa hatua za desibeli 0.5, inamaliza tatizo hilo. Pia mteja akirudi mwezi ujao kutaka neno moja libadilishwe, unarudi kwenye hatua zilezile bila kubahatisha.

Opampu zije mwisho. NE5532 inakula miliampia 8 hivi, TL072 chini ya 3. Ukibadilisha TL072 kumi kwa NE5532, pima kwanza kama pawasaplai inaweza kuzibeba. Weka kapasita ya nanofaradi 100 jirani kabisa na miguu ya umeme ya kila moja, la sivyo inaweza kutetema kwenye masafa usiyoyasikia huku ikichemka. Na opampu iliyoshika kapasita ya rilizi usiiguse. TL072 haivuti karibu chochote pale. 5532 inavuta, na muda wa rilizi unakuja kuwa si ule ulioandikwa kwenye paneli.

Kuhusu umeme, mashine iliyotoka Marekani imezoea volti 120, ya Japani 100. Tafuta swichi ya volti nyuma au waya za transfoma ndani kabla ya kuichomeka kwenye 230. Yenye valvu inaweza kubaki na volti 300 kwenye kapasita hata ukichomoa plagi. Zitoe kwa rezista kubwa, upime kwa multimita, ndipo uingize mkono.

Paneli ya mashine ya zamani usiitoboe, bei yake iko pale. Tafuta swichi inayoingia kwenye tundu lililopo. Vipuri ulivyotoa vitie kwenye bahasha, uandike tarehe na thamani za vipya, uigundishe ndani ya kifuniko, maana mnunuzi ajaye ataiulizia.