Masizi katika Injini ya Kabureta

Swali: Gari la zamani lenye kabureta iliyorekebishwa Kyela hutoa moshi mweusi likipanda Tukuyu. Eleza sababu na namna ya kuondoa masizi nyumbani.

Jibu: Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, Tukuyu ni takribani 1,500. Juu huko hewa ni nyepesi, lakini kabureta hupitisha petroli karibu ileile. Oksijeni haitoshi, kwa hiyo sehemu ya kaboni haiungui. Kwa mfano, kwa oktani:

2C₈H₁₈ + 9O₂ → 16C + 18H₂O

Usiandike “petroli mbaya” ukaishia hapo. Mtahini anatafuta neno oksijeni.

Injini ikipoa, fungua plagi. Masizi makavu: petroli imezidi hewa. Sugua plagi kwa brashi ya waya, safisha kichujio cha hewa, kisha rekebisha kabureta. Masizi yenye oili: huenda ringi za pistoni zimechakaa, na kusugua peke yake hakutasaidia. Masizi yaliyoganda juu ya pistoni mwachie fundi.

Unapoijaribu injini, toa gari nje ya banda. Mwako usiokamilika hutoa pia kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikana na himoglobini, damu ikashindwa kubeba oksijeni, na mtu huzimia kabla hajajua kuna hatari.