Jibu la Maabara na Mwili wa Mgonjwa: Funzo la Jaribio la MERINO

Daktari apokeapo jibu kwamba bakteria walioteshwa kutoka katika damu ya mgonjwa hawana usugu dhidi ya dawa fulani, huichagua dawa hiyo kwa moyo mtulivu. Je, utulivu huo una haki sikuzote? Jaribio la kitabibu liitwalo MERINO, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, linatulazimisha kuuliza.

Escherichia coli na Klebsiella pneumoniae kwa kawaida hukaa matumboni mwetu bila kudhuru. Wakipenya kwenye damu, huweza kuua. Baadhi yao hutengeneza vimeng'enya vinavyovunjavunja penisilini na hata seftriaksoni, dawa ambayo wodi zetu zinaitegemea kupita kiasi. Meropenemu huhimili vimeng'enya hivyo, lakini kila itumikapo usugu dhidi yake hupata nafasi ya kuenea, nayo ikishindwa dawa zinazobaki ni chache na ghali. Kwa hiyo watafiti waliujaribu mchanganyiko wa piperasilini na tazobaktamu. Tazobaktamu hukizuia kimeng'enya kisiivunje piperasilini. Maabara ilionyesha kwamba unafaa.

Wagonjwa wa hospitali 26 katika nchi 9, Afrika Kusini ikiwamo, waligawanywa kwa bahati nasibu. Haikutakiwa mchanganyiko uishinde meropenemu. Ilitosha usizidiwe nayo kwa zaidi ya asilimia 5 ya vifo. Ndani ya siku 30 walifariki wagonjwa 7 kati ya 191 waliopewa meropenemu, na 23 kati ya 187 waliopewa mchanganyiko, yaani asilimia 3.7 dhidi ya 12.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kutimiza idadi ya wagonjwa iliyopangwa.

Kosa lilikuwa wapi? Bakteria waliohifadhiwa walipimwa upya kwa njia ya kuyeyusha dawa katika mchuzi wa kuoteshea, ambayo ndiyo kipimo cha marejeo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Ilibainika kwamba vibanzi vya dawa vilivyotumika awali viliwapitisha baadhi ya bakteria ambao kwa hakika walikuwa sugu. Wengine walibeba kimeng'enya cha pili, OXA-1, ambacho tazobaktamu hukizuia kwa udhaifu. Bakteria hao walipoondolewa katika hesabu, tofauti ya vifo ilipungua. Kwangu mimi hili ndilo lenye uzito kuliko takwimu za vifo zenyewe: kipimo chenyewe nacho hupimwa.

Hivyo, kwa mgonjwa mwenye bakteria wa aina hii katika damu, meropenemu ibaki chaguo la kwanza, hata pale karatasi ya majibu inapousifu mchanganyiko. Mhudumu wa maabara asione haya kurudia kipimo ambacho jibu lake limeangukia mpakani.

Nawe mgonjwa, utaombwa damu ya kuotesha kabla ya sindano ya kwanza. Majibu huchukua siku mbili au tatu, na matibabu huanza bila kuyasubiri. Yakija, dawa huenda ikabadilishwa, na kubadilishwa huko si dalili kwamba daktari amebabaika. Ikiwa ulimeza vidonge vya dukani kabla ya kufika hospitalini, tafadhali sema, hata kama ni viwili tu vilivyosalia nyumbani. Hakuna atakayekugombeza. Dawa iliyomo katika damu huweza kuwazuia bakteria kuota, nasi tukadhani hawamo.